Hapiti Mtu Mpaka Nipewe Mwavuli Wangu

Niliwahi kulala chali mbele ya gari la maiti huko Romford, mashariki mwa London, saa nne asubuhi, nikiwa na kitenge changu cha harusi na viatu vya kuazima. Sikuwa nimelewa wala sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa kazini.

Marehemu alikuwa Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, basi sisi ni watani, na utani huo hatukuuanzisha sisi. Ulianza tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani, wanafika kwa Wazaramo wamechoka hoi, wanatukanana vizuri kisha wanakula sahani moja. Mpaka leo Mzaramo akiniona haanzi na salamu. Siku ya kwanza kukutana na yule bwana ilikuwa Idi, kwenye ukumbi wa kukodi. Aliniuliza kabila, nikamwambia, akanibebesha sahani chafu za meza nzima. "Jamani, mpagazi kafika!" akatangaza. "Mizigo juu!" Mimi nikaenda kukaa kwenye kiti chake, nikala kuku wake mpaka mifupa, nikamwambia Mzaramo hana haja ya chakula, yeye akisikia ngoma tu kashiba. Mke wake, Mzaramo mwenzake, alicheka mpaka akapaliwa na pilau. Toka siku hiyo tukawa ndugu, miaka ishirini na miwili.

Sasa, mtani akifa, mtani wake haji msibani kulia kama watu wengine. Anakuja kuchokoza. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anadai hiki na kile, anazuia maiti isitoke mpaka apewe kitu, hata kuku, hata kijiko. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na kile kilichowakaba kooni kinashuka. Ni kazi, na ina heshima yake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini vituko vyake anavijua mtani.

Basi jeneza lilipotolewa ndani na kupakiwa, mimi huyo, chali barabarani. "Hapiti mtu hapa!" nikapiga kelele. "Huyu bwana ana mwavuli wangu! Haendi kaburini mpaka nipewe mwavuli wangu!" Mwavuli wenyewe, niseme ukweli, haukuwepo. Hajawahi kuazima kwangu hata pini. Lakini mtani haulizwi ushahidi.

Ingekuwa Kisarawe kwao au Tabora kwetu, hapo watu wangeshaangua kicheko na mtu angeshaleta kuku. Romford, dereva alizima gari akashika kichwa. Waombolezaji wengi walikuwa wafanyakazi wenzake marehemu, hawajui Mnyamwezi ni nani wala Mzaramo ni nani. Jirani mmoja, bibi wa Kiingereza mwenye roho nzuri sana, alitoka na glasi ya maji, akapiga magoti pembeni yangu, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini mimi na marehemu tulikuwa pamoja kwa muda gani. Mimi nikamjibu kwa ukweli wangu wote, "Miaka ishirini na miwili." Akafumba macho, maskini. Akaniuliza kama mke alikuwa anajua. Nikamwambia anajua kila kitu, tena tunakula wote.

Toba! Nilipoelewa anachouliza, habari ilishafika mwisho wa mtaa.

Binti yao alikuja kuninyanyua yeye mwenyewe, kwa makwapa, kama gunia. Ni mtoto wao wa pekee, amezaliwa London, mwalimu wa hesabu, mwenye umri wa miaka thelathini na uso wa mtu anayesahihisha daftari. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Kwa Kiingereza hichohicho akaniambia kwamba nimemfanya baba yake kichekesho siku ya kuzikwa kwake, na nisikanyage tena nyumbani kwa mama yake. Iliniuma, sitaficha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimemwona mama yake dirishani, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kucheza. Nusu dakika tu ingetosha. Pazia likafungwa, gari likaondoka, na mimi nikarudi kwangu Thornton Heath na kisigino kimoja cha kiatu cha watu kimekatika.

Mjane aliingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, na mimi nimepigwa marufuku kuingia, kwa hiyo tukabaki kwenye simu. Kazini kwangu napokea wagonjwa wa meno, nimezoea kujua kwa sauti tu nani anaumwa na nani anatafuta ruhusa ya kutokwenda kazini. Ile sauti yake ilinitisha. Ilikuwa imekauka. Nilimchokoza nikachoka. Nilimuuliza kama Wazaramo wamempelekea ngoma ya kumfariji au wameuza mnazi wa mwisho kulipia harusi ya paka. Alijibu, "Asante, mtani." Asante! Mzaramo anakwambia asante! Nikajua hapa hali ni mbaya.

Binti naye aliniandikia ujumbe mara moja tu, mfupi, kuuliza kama mama yake ananiambia anakula, maana yeye hamwoni akila.

Siku moja eda imekaribia kuisha, mama mtu akanipigia mwenyewe.

"Mtani, kazi yako hukuimaliza," alisema.

"Nilinyanyuliwa kama gunia."

"Nisikilize. Bado yumo humu ndani. Koti lake lipo kwenye msumari pale mlangoni, kila nikipita namwambia samahani. Chai napika vikombe viwili. Toka amekufa sijalia wala sijacheka. Naogopa, mtani. Naogopa nitabaki hivihivi. Eda ikiisha, siku ya kwanza nataka kwenda kwenye miti yake. Njoo uimalize huko."

"Na mwanao?"

"Atakuja. Hatumwambii."

Miti yake! Sina budi kuieleza, maana yule bwana aliitaja kama wenzake wanavyotaja mashamba ya urithi. Ni ile miti mirefu ya California. Waingereza wa zamani walileta mbegu, wakaipanda safu mbili kwenye mbuga moja nje kidogo ya Romford, kupamba njia ya kwenda kwenye jumba la tajiri. Jumba limeshabomolewa, miti ipo. Marehemu alikuwa dereva wa basi, na basi lake lilipita kijiji cha jirani. Siku ya mapumziko, badala ya kulala kama watu, anakwenda kutembea mulemule. Mgeni akija kutoka nyumbani anataka kuona jumba la mfalme, yeye anampeleka kwenye tope kuona miti.

"Kwani kwetu hakuna miti?" mgeni analalamika.

"Ipo. Lakini hii sasa! Niulize mimi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Niulize mimi. Ukizungumza siasa, niulize mimi. Ukizungumza uzazi, niulize mimi. Akifika kwenye mti mkubwa kuliko yote anakunja ngumi, anatazama mgeni kwa huzuni kama mtu anayekwenda vitani, halafu anautandika mti kwa nguvu zake zote. Mgeni anapiga yowe. Yeye anacheka mpaka anashika mbavu, maana gome la mti ule ni laini, nene, lina nyuzinyuzi, ngumi inazama kama kwenye godoro. "Hawa ni watoto wa chekechea," anasema akiupapasa. "Hata miaka mia mbili hawajafika. Wazazi wao kule kwao wana elfu mbili, elfu tatu. Nikistaafu nampeleka mke wangu tukawasalimie wazee." Alibakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu.

Siku ya siku nikafika Romford. Binti alinisalimia kwa kichwa. Mama yake alitoka na baibui jipya, amekonda, anavuta kile kigari cha sokoni chenye magurudumu mawili.

"Mama, kigari cha nini msituni?" binti akauliza kwa Kiingereza.

"Chai. Vitumbua. Mtani wangu anakula, hujui?"

"Na mwavuli? Hakuna hata wingu."

"London hii," mama akajibu, akausukuma ndani mwavuli uliokuwa umechungulia, akafunga zipu. Nilitazama pembeni. Mimi nilijua chini ya vitumbua kuna nini: koti la kijivu na barakashia ya marehemu. Mwavuli sikuutilia maanani.

Tulipanda basi lilelile alilokuwa akiendesha. Mama alikaa kiti cha mbele, hakumtazama dereva hata mara moja. Tukashuka kijijini, tukaingia mbugani. Mwezi ulikuwa Februari, njia imelowa, kigari kinazama kila hatua kumi. Nikakibeba kichwani.

"Mpagazi," mama akasema, polepole sana, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika.

"Mizigo juu," nikamjibu. Binti akatutazama, akaongeza mwendo.

Kisha miti ikaanza. Nimekuja hapo na marehemu si chini ya mara tano, kila mara nikiguna na kulalamikia viatu, na nakiri leo kwamba kila mara nilipendezwa nikanyamaza ili asijue. Wekundu wa yale magome ni udongo wa kwetu mtupu. Unainua kichwa kutafuta kilele mpaka kilemba kinaanguka. Kumekaa kimya, mguu haulii kwa sababu umekanyaga nyuzi za magome na vijani vilivyooza miaka na miaka. Mama alisimama katikati ya safu mbili. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao.

"Mtani," akasema, "naona njaa." Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Nikavuta kigari nyuma ya mti. Mtu mzima kama mimi hapotei nyuma ya mti, lakini mti ule ungeficha hata shangazi zangu watatu. Nikavaa koti. Lilinukia pipi zake za mnanaa, na kwa mara ya kwanza toka afe nikamwambia yeye mwenyewe kwa sauti ya chini, "Nisaidie basi, wewe mvivu." Nikaweka barakashia juu ya kilemba. Nikatoa tumbo mbele, nikafunga mikono nyuma, nikageuza kichwa kutazama nyuma ya bega kama alivyokuwa anafanya kila akitaka kuondoka, maana dereva wa basi hata akitembea kwa miguu anatafuta kioo. Nikajitokeza njiani, kigari nikakiacha karibu na mama.

Binti alilitambua koti kabla ya kunitambua mimi. Nilimwona akishika kifua.

"Anti, livue," akasema kwa Kiingereza. "Sasa hivi."

"Anti gani?" nikasema kwa sauti nzito. "Wewe mtoto, umefunga mlango wa nyuma? Nimekuuliza! Umefunga?"

Hilo swali baba yake alimuuliza kila siku ya maisha yake. Mimi nikaendelea. Nikaeleza kwamba miti hii ilipandwa na Mzaramo mmoja aliyekuja kutafuta ngoma akapotea njia. Nikaeleza kwamba peponi nimepewa basi la ghorofa mbili na abiria wote ni Wanyamwezi, hawakai, wamezoea kusimama na mizigo. "Niulize mimi!" Nikakunja ngumi. Nikamtazama mama kwa huzuni ya mtu anayekwenda vitani, nikarudi nyuma hatua tatu bila kugeuka, nikazunguka, nikautandika mti kwa nguvu zangu zote.

Haukuwa mti wake. Ulikuwa mwaloni, mti wa Kiingereza, mgumu kama ukuta wa benki, umejiotea zake pembeni mwa njia. Wanyamwezi sisi ni watu wa misitu, warina asali, na mimi nimekosea mti!

"Mama yangu weee!" nikalia, na hapo sauti ya marehemu ilikwisha, ikabaki ya Tabora tupu. Nikarukaruka na mkono kwapani. Barakashia ikaangukia tope.

Mama akacheka. Kwanza ilitoka pumzi tu puani, kisha ikatoka sauti, kisha akashindwa kusimama akakaa juu ya kigari, vitumbua vikapondeka, naye anapiga mapaja na kusema, "Uwii! Mwaloni! Kapiga mwaloni! Mpagazi wewe!" Alicheka mpaka kicheko kikakatika katikati na kilio kikatoka palepale, kikubwa, cha mdomo wazi. Alimwita mumewe kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia, jina la ndani.

Binti akanigeukia na Kiingereza chake. "Unaona ulichofanya? Umemliza!"

"Mwache," mama akasema katikati ya kwikwi. "Mwache, mwanangu. Haya machozi nimeyatafuta miezi minne. Mtani, endelea. Usiniache hapa katikati."

Niendelee vipi, mkono unawaka moto? Lakini kazi ni kazi. Nikaokota barakashia, nikaifuta kwa kitenge, nikafunga mikono nyuma kwa taabu, nikatoa tumbo, nikageuza kichwa kutazama nyuma ya bega, nikaanza kuondoka.

"Si hivyo!"

Tuligeuka wote wawili, mimi na mama yake. Ilikuwa sauti ya binti, na ilikuwa Kiswahili.

"Si hivyo, anti," akarudia, machozi yanamtiririka, na hasira yote ya walimu wa hesabu imo humo. "Unaangalia kushoto. Baba haangalii kushoto. Anaangalia kulia. Kila siku, kulia. Unamkosea!"

"Kioo cha basi..." nikaanza.

"Si kioo. Dirisha langu. Akienda kazini asubuhi, chumba changu kiko kulia. Mimi nampungia." Maneno yalikuwa yanatoka moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Mimi nampungia, yeye anaangalia. Halafu akazoea. Nipe hilo koti."

Nilimpa.

Lilimfika magotini. Akavaa barakashia yenye tope. Akatembea mpaka mwanzo wa safu, kule tulikotokea, akasimama amegeuza mgongo muda mrefu. Halafu akageuka kuja kwetu, mikono nyuma, tumbo mbele, bega moja chini kidogo, lile bega ambalo mimi nililisahau kabisa. Akatazama kulia. Alikuwa yeye. Alikuwa anakuja kwenye njia yake, kati ya miti yake, hana haraka, na alipofika kwenye ule mkubwa kuliko yote akautandika ngumi moja bila kusimama, ngumi ikazama kimya.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya njia. Sijui nini kilinisukuma, labda babu zangu. Nilinyoosha mikono.

"Hapiti mtu hapa!"

Akasimama mbele yangu. Akanipima toka kichwani mpaka miguuni, taratibu, kwa macho ya baba yake.

"Mpagazi," akasema, "ondoka njiani. Niulize mimi."

Nilisikia zipu nyuma yangu. Mama yake alikuwa amenyanyuka kutoka kwenye kigari. Alinisogelea, uso umelowa chapachapa, ameshika ule mwavuli. Ulikuwa mpya, karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye mpini.

"Haya, mtani," akasema. "Mwavuli wako huu. Mpishe mume wangu apite."

Niliupokea kwa mkono wa kushoto, Mungu anisamehe, maana wa kulia ulikuwa umevimba kama andazi. Nikasogea pembeni. Akapita kati yetu, akateremka na njia chini ya ile miti, na hakuna kati yetu aliyemwita arudi.